Friza la Maisaka Lililonitapisha

Nilitapika juu ya buti zangu mwenyewe, mbele ya mteja, mchana kweupe.

Nikajifuta mdomo kwa mkono wa ovaroli, nikainua tena kifuniko cha friza, nikatapika kwa mara ya pili.

Na hapo jamani nilikuwa bado sijajua lolote. Ningejua siku ile nilichokuja kukijua baadaye, nadhani ningekuwa natapika mpaka leo.

Naitwa Hope. Nasomea ufundi wa majokofu na viyoyozi.

Nikisema hivyo watu wanacheka. "Babati na baridi hii, kiyoyozi cha nini?" Wengine wanaitazama mikono yangu, wanauliza kwa nini sikusomea ushonaji.

Nawajibu kwamba nguo haziozi.

Mimi nina kinyaa tangu utotoni, na kinyaa changu kinatokana na pua. Maziwa yakianza kuchacha, nyumba nzima inaendelea kunywa, mimi nimeshaweka kikombe chini. Mama alikuwa ananipa mboga ninuse kabla hajabandika. Nikakua najivunia pua yangu kama wengine wanavyojivunia sauti ya kuimba.

Hilo la pua naomba mlikumbuke.

Chuoni kwetu ukifika muda wa fildi, yaani mazoezi ya kazi, kila mwanafunzi anajitafutia karakana. Mimi na mwenzangu Muzamil tukapata kwa Fundi Baltazar, karibu na stendi.

Muzamil ni kijana wa hapa hapa mjini. Mpole, ovaroli yake kaipiga pasi, akigusa kitu kinakaa sawa. Mimi mdomo, yeye mikono. Tulielewana.

Fundi Baltazar yeye alikuwa na jibu moja kwa kila friji linaloingia mlangoni.

"Gesi imeisha."

Friji halishiki baridi? Gesi imeisha. Friji linapiga kelele? Gesi. Siku moja lililetwa friji ambalo taa ya ndani haiwaki, akasema gesi. Nilimwangalia usoni nione kama anatania. Wapi.

"Fundi, gesi haiishi yenyewe," nikamwambia. "Ikipungua ujue kuna mahali pametoboka."

"Hayo ni ya darasani, Hope. Mteja anapenda kusikia kitu anachokijua."

Ilinikera sana, lakini nikameza. Utaratibu wa chuo ni kwamba bosi wa karakana akikukataa, fildi yako haihesabiki, na bila fildi hufanyi mtihani. Unarudia mwaka.

Na mimi sikuwa na mwaka wa kurudia. Baba alishanitamkia: hayo mambo yako ya kiume nimeyavumilia vya kutosha, ukianguka unarudi nyumbani kulea watoto wa dada yako. Muzamil naye, baba yake ana duka la vitambaa na alikuwa anamsubiri nyuma ya kaunta. Angeteleza kidogo tu, maisha yake yangekuwa kupima mita za kitambaa mpaka uzeeni.

Kwa hiyo tulikuwa tunavumilia.

Kitu kimoja kilichokuwa kinatufariji pale ni chakula cha Dada Otilia.

Otilia ni mama lishe, kibanda chake kinatazamana na karakana. Mcheshi, anaita kila mtu "mwanangu" hata wanaomzidi umri. Wali wake wa kawaida tu. Ila rosti ya samaki!

Anakaanga perege mpaka wanalia, halafu anawazamisha kwenye nyanya, kitunguu saumu, ndimu nyingi na pilipili ya kukutoa jasho la kichwa. Mimi na pua yangu hii nilikuwa nakula, nanyoosha sahani, naomba kipande kingine.

"Wewe mtoto unajua kula," Otilia ananiambia. "Siyo hawa wanaochagua."

Kweli kuna siku tumbo lilikuwa linanikata nikasingizia maziwa ya chai. Muzamil naye alikuwa anakimbia chooni mpaka fundi akamwita mvivu. Baltazar mwenyewe alikuwa na vidonda vya tumbo vya miaka, vidonge haviishi mfukoni.

Hayo sikuyaunganisha. Nani angeyaunganisha?

Basi siku moja tukaitwa mtaa wa Maisaka, kwa Mama Sabrina.

Mama Sabrina ni mjane, anauza samaki na kuku kwenye chumba cha duka mbele ya nyumba yake. Mama wa heshima zake, mtandio safi, karibu nyingi. Friza lake ni lile kubwa la kifuniko cha juu, la kizamani kidogo, mpira wa kifuniko umelegea. Lilikuwa limekufa kabisa.

Muzamil akapiga magoti, akapapasa ukuta wa ndani. Akakuta kitundu kwenye bomba la gesi linalopita humo.

"Mama, shikamoo. Barafu huwa unakwangua na nini?"

"Marahaba mwanangu. Na kisu. Kwani wengine wanakwangua na nini?"

Nikakunja uso, Muzamil akanikanyaga mguu nisiseme kitu.

Tulilitengeneza wenyewe, mimi na yeye, Fundi akiwa amekaa kwenye kochi anakunywa chai ya mteja. Tukaliziba lile tundu, tukavuta hewa yote ndani ya bomba, tukajaza gesi, tukapaka povu la sabuni kuona kama kuna mahali panapovuja. Hakuna kiputo hata kimoja. Friza likaunguruma vizuri, baridi ikashika mpaka vidole vinauma.

"Safi," akasema Fundi Baltazar. "Mmeona gesi ilivyokuwa imeisha?"

Tukarudi zetu. Siku hiyo nilijiona fundi.

Hata wiki haikuisha.

Tulikuwa karakana asubuhi, bajaji ikasimama, akashuka Mama Sabrina na binti aliyembebea beseni. Harufu ilishuka kabla yao.

Hakusalimia. Alilichukua lile beseni akalimwaga juu ya meza yetu ya kazi.

Samaki. Wamelegea, macho yameingia ndani, matumbo yamepasuka yanatoa ute wa kijani. Maji mekundu yakatiririka juu ya spana zetu, yakadondoka kwenye kiatu cha Muzamil. Nzi sijui walipigiwa simu na nani, walikuwa wameshafika.

"Hawa watoto wako wameniua!" Mama Sabrina alikuwa analia kabisa. "Nilichukua samaki wengi, wa sherehe ya watu, kwa sababu mlisema friza limepona. Tazama! Nitawaambia nini wenye sherehe?"

Baltazar alitugeukia mbele ya mteja, mbele ya wapita njia.

"Nilijua tu. Wanafunzi hawa! Mmejaza gesi vibaya, imeisha."

"Fundi, ulikuwepo," nikasema.

"Nyamaza! Sikilizeni, mkishindwa kulitengeneza hilo friza, nampigia simu mwalimu wenu leo leo. Fildi basi. Mkaoze na samaki wenu huko."

Muzamil akainama kufuta kiatu chake. Mimi nilikuwa naona picha ya watoto wa dada yangu, wote wana makamasi, wananisubiri.

Mtu pekee aliyetuonea huruma ni Otilia. Alivuka barabara na ndoo yake.

"Poleni wanangu. Acheni, msishike huo uchafu, niachieni mimi nikatupe."

Akawakusanya wale samaki mmoja mmoja kwa mikono yake, na meza akaisugua kwa sabuni. Nilitaka kulia. Nikasema moyoni, kumbe bado kuna binadamu.

Kesho yake mchana akatuletea sahani mbili zimefunikwa, bure, za kutupa pole. Rosti. Pilipili ya siku hiyo ilikuwa kali kuliko zote. Nililamba mpaka vidole.

Tukaenda Maisaka. Hapo ndipo nilipotapika juu ya buti.

Mama Sabrina alikuwa amebakiza kuku na samaki wachache chini. Unafungua kifuniko, baridi inakupiga, na ndani ya hiyo baridi kuna uvundo. Mtu hutegemei. Kitu kimeganda kabisa, halafu kinanuka kama kimekufa juzi.

Nilipomaliza kutapika nikachungulia tena, nimebana pua kwa leso.

Chini ya friza kulikuwa na barafu moja pana, nyekundu, na samaki wamenasa ndani yake. Kuku mmoja alikuwa amezama nusu kwenye damu iliyoganda.

"Muzamil," nikasema, "hii damu ilitiririka. Kitu kilichoganda hakitiririshi damu."

"Nimeona," akajibu. "Hapa paliyeyuka, pakaganda tena."

Tukapaka povu upya, kila kiungo. Hakuna kinachovuja. Friza lilikuwa linafanya kazi vizuri kabisa mbele ya macho yetu.

"Mama, umeme wa huku unakatika sana?"

"Haukatiki kihivyo."

"Labda huwa unalizima friza?"

"Mimi? Wallahi sijawahi kuligusa. Tangu mlipoondoka sijaligusa."

Kiapo kile nilikiamini, na hapo ndipo nilipochanganyikiwa. Friza ni zima, umeme upo, mwenye mali hajaligusa. Sasa samaki wanaoza vipi?

Nikakumbuka kitu ambacho mwalimu wetu Jacqueline aliwahi kutuambia darasani, kama utani tu. Ukisafiri ukaacha friza nyumbani, gandisha kikombe cha maji, weka sarafu juu ya barafu. Ukirudi uitazame sarafu, itakuambia yote.

Nikaomba kikombe cha chai. Tukasubiri maji yagande, Muzamil akaweka sarafu ya mia mbili juu yake, tukakiegesha kwenye kona.

"Mama, hiki ni kipimo. Naomba kisiguswe."

"Sigusi, mwanangu."

Tulimwomba Fundi Baltazar atupe siku chache kabla hajapiga simu. Alikubali huku anasonya.

Siku ya kurudi alikuja mwenyewe, simu mkononi, namba ya mwalimu wetu ameshaitafuta. Nilimwona. Nikafunga leso puani, nikainua kifuniko.

Kikombe kilikuwa palepale kwenye kona. Barafu imejaa, safi, inang'aa juu.

Sarafu ilikuwa imelala chini kabisa.

Muzamil akakigeuza kikombe ili wote waone. "Sarafu haiwezi kupita kwenye barafu," akasema kwa upole wake. "Barafu iliyeyuka, sarafu ikazama, kisha maji yakaganda tena juu yake."

Mama Sabrina akashika kifua. "Huo si mkono wa mtu huo? Nimechezewa!"

Baltazar akakohoa. "Inawezekana pia gesi..."

"Fundi, gesi haizamishi sarafu!" nikamkatisha. Nilikuwa nimechoka.

Muzamil hakupandisha sauti. Akamgeukia yule mama. "Mama, naomba utuonyeshe. Jioni ukifunga duka unafanyaje? Fanya vilevile kama unafunga sasa hivi."

Mama Sabrina akatushangaa, lakini akafanya. Akafuta meza ya kukatia. Akasukuma dirisha. Akaweka komeo. Kisha, bila hata kutazama, akanyoosha mkono ukutani akabonyeza swichi kubwa ya chumba.

Taa ikazimika. Friza likanyamaza.

Muzamil akapapasa ukutani, akawasha tena.

"Mama!" nikapiga kelele. "Si ulisema huligusi?"

"Kwani nimeligusa? Nimezima chumba. Friza lipo kule, mimi nipo huku."

"Mpaka saa ngapi?"

"Nikishasali magharibi nazima, asubuhi nikimaliza kazi za ndani nawasha. Usiku nani ananunua samaki? Tena kitu kikishaganda si kimeshaganda? Ukishaanika dagaa wakakauka, unawaanika tena kila siku?"

Jamani, alikuwa anamaanisha. Hakuwa mwongo. Mama huyu alikuwa anajua, kwa akili yake yote, kwamba kugandisha ni kama kukausha, ukifanya mara moja umemaliza. Na kila jioni alikuwa anatia samaki wabichi kutoka ziwani, hawajaganda hata robo, anawazimia umeme, mpira wa kifuniko umelegea, wanalala wanachemka humo ndani. Mchana wanaganda upya, wanapendeza.

Nikahesabu kichwani, kinyaa kikaanza kunipanda kuanzia magotini.

"Mama, umeanza lini kuzima?"

"Tangu marehemu baba Sabrina alipolileta hilo friza."

"Miaka yote hiyo! Na samaki wakiharibika?"

"Hawaharibiki. Wanalegea kidogo. Wakizidi kulegea simuuzii mtu wa nyumbani, mimi ni mcha Mungu. Nampelekea mtu wa kupika."

"Mtu gani?"

Akanishangaa, kana kwamba nimeuliza Babati iko wapi.

"Si yule wa mbele ya karakana yenu. Otilia. Yeye anajua kuwafanyia ndimu na pilipili. Hata wale niliowamwaga kwenu, aliniambia nisisikitike. Wala hawakupotea."

Wala hawakupotea.

Niliiona ile ndoo. Nikaiona mikono yake inavyokusanya samaki mmoja mmoja, kwa upendo. Nikaziona sahani mbili zilizofunikwa.

Nikaviona vidole vyangu, nilivyovilamba.

Nilikimbilia nje. Muzamil alikuwa ameshatangulia, mpole yule, ameshikilia ukuta wa jirani. Tulitapika kwa zamu. Ovaroli yake iliyopigwa pasi iliharibika siku hiyo.

Baltazar alitoka taratibu, mkono juu ya tumbo. Alikuwa ameshika kile kikaratasi cha vidonge vyake anakitazama.

Nilifikiri angelaani. Akanivuta pembeni.

"Hope, haya tuyamalize kimya kimya. Mama Sabrina ni mteja wangu, Otilia ni jirani yangu. Mama tutamwambia asizime, basi. Kwa Otilia usifungue mdomo. Ukifungua, nampigia mwalimu."

"Fundi, watu wanakula pale!"

"Wamekula miaka. Wamekufa?"

Nikamtazama mtu mzima huyu. Yaani amelishwa uozo mpaka tumbo limetoboka, na bado anaogopa kumuudhi anayemlisha. Kinyaa nilichokisikia kwenye friza kilikuwa kidogo kuliko hiki.

Tulirudi stendi muda wa chakula cha mchana. Kibanda kimejaa. Madereva wa bajaji, makonda, wasafiri na mabegi yao, mama mmoja anamtolea mtoto wake miiba.

Yule mtoto ndiye aliyenimaliza. Nikavuka barabara. Nyuma nilisikia Baltazar ananiita jina, sikugeuka.

"Dada Otilia, hawa samaki wametoka wapi?"

"Ziwani, mwanangu. Samaki anatoka wapi tena?"

"Na baada ya ziwani?"

Mwiko ukasimama kwenye sufuria. Alinitazama, akamtazama Muzamil nyuma yangu, akaelewa kwamba tunajua. Nilitegemea atakana, au atanitukana.

Akatabasamu.

"Hope, mbona ulikuwa unaongeza?"

Watu walikuwa wanatutazama, na mimi nilikuwa nimesimama pale na pua yangu, fundi wa majokofu, bingwa wa kunusa.

Basi nikawaambia wote. Friza, swichi, beseni, ndoo. Niliwaambia kwa sauti, na nikawaambia kwamba hata mimi nimekula, tena nimeongeza.

Yule mama alimkinga mtoto wake mkono mdomoni akamtemesha. Konda mmoja alisukuma sahani. Kibanda kikawa cheupe, isipokuwa dereva mmoja wa bajaji aliyebaki anaangalia kipande chake kilichobaki nusu, akakinusa, akamuuliza Otilia kama kuna ndimu.

Nilirudi karakana kufungasha begi langu. Baltazar alikuwa ameshika simu sikioni, anaongea na mwalimu Jacqueline. Nikasimama mlangoni nisikie hukumu yangu.

"Ndiyo mwalimu, hawa wawili. Huyu wa kike ana mdomo mbaya, sijapata kuona." Akashika tumbo. "Lakini kazi wanaijua. Waacheni wamalize kwangu. Samahani mwalimu, nakuja."

Akaniachia simu mkononi, akakimbilia chooni.

Fildi tulimaliza. Mtihani tumefanya. Mama Sabrina siku hizi anaacha friza linawaka usiku kucha, na tukipita anatuita ndani tuone samaki wake walivyo wagumu. Tunawaona, tunasifia, hatuli. Otilia anauza maharage na hanisalimii.

Vidonda vya tumbo vya Fundi Baltazar vimepona vyenyewe. Vidonge ameacha. Na wiki iliyopita, nyie, aliniita pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimesikia ile rosti itarudi lini.

Mwenye friza, liache liwake. Baridi haiwekwi akiba. Ukizima, kilichomo kinaanza kuoza tangu hapo, hata kama asubuhi utakikuta kigumu kinapendeza.

Na wewe unayekula, usiringie pua yako. Yangu ilinusa maziwa, ikanusa mboga, ikanusa friza zima la Maisaka. Ilichoshindwa kunusa ni kile nilichokuwa nakipenda.

Siku hizi nakula mayai ya kuchemsha, na ninayamenya mwenyewe.